Sauti Si Uso

Asubuhi ile hakikusikika kicheko cha mwanamume kutoka chumbani kwa mama mkwe.

Kwa miezi mingi kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikiamsha ua. Kilitoka kwenye simu ya Palmira, kikubwa na kikavu, kisha yakafuata maneno ya zamani: mvua ya Pemba, mashine ya boti iliyokataa kuwaka, mtoto aliyeota jino. Majirani wa pale Mocímboa, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, walikwisha kukizoea kama wanavyomzoea jogoo wa mtu. Kilikuwa kicheko cha Hamido, mkwe wa Palmira, kilichorekodiwa wakati wa ukimbizi. Na kila kilipolia, Hamido mwenyewe alikuwa nje, nyuma ya banda la jiko, anapiga mswaki kimya kimya ili asije akakutana na mama huyo uso kwa uso. Mtu ni yule yule: ndani anacheka, nje hana neno.

Sasa hata yule wa ndani alinyamaza. Nélia alibisha mlango wa mama yake, akausukuma, akakuta kitanda kimetandikwa. Juu ya shuka palikuwa na simu iliyozimwa, na kando yake pakiti ya fone, zile nyaya za kuchomeka masikioni, haijafunguliwa. Mzigo wa nguo haukuwapo. Jembe lililokuwa likiegemea ukuta halikuwapo.

"Mamã ameondoka," alimwambia mumewe.

Hamido hakutoa mswaki mdomoni. "Kwenda wapi?"

"Mwenye jembe huenda wapi?"

Huenda Diaca. Hamido alijua, na mate yenye dawa ya meno yakamwingia kooni.

Palmira alizaliwa Diaca, porini, katika miaka ya vita vya kumwondoa Mreno. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alilia kwa nguvu hata watu waliojificha pamoja nao wakamwomba amzibe mdomo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza. Alikua na sauti hiyo. Shambani aliweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde na kumweleza jambo zima, mwanzo hadi mwisho, bila kuacha kupalilia. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliolewa na Germano, mtu mpole aliyependa kusikiliza, wakalima mihogo na ufuta, wakatunza mikorosho waliyorithi. Germano alipokufa kwa homa, Palmira alibaki na shamba na binti mmoja. Kusoma hakujua, ila jina lake aliweza kuliandika, polepole, ncha ya ulimi ikiwa nje. Hakuona kuwa amepungukiwa. Yote aliyohitaji kusema aliyasema.

Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hakuruhusiwa kumsemesha.

Nélia alipotelemka kwenda kusoma Mocímboa alimpata Hamido, fundi wa mashine za boti, kijana wa ukoo wa siku nyingi pale pwani, mswalihina na mcheshi. Watu wa nyanda za juu na watu wa pwani hubishana kwa mengi: nani anajua kupika, nani mchoyo, nani alitangulia kuvaa viatu. Katika nyumba hizi mbili, hata hivyo, wazee waliafikiana bila kubishana kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume hupisha akageukia majani. Akitaka kuingia uani hukohoa kwanza, mama apate kujifunika au kugeuka. Neno likihitajika hupitia kwa mtu wa tatu. Hiyo si chuki. Ni heshima iliyo nzito kiasi kwamba haistahimili kuguswa kwa macho. Kwa hiyo siku ya posa Palmira aliiona miguu ya Hamido tu, chini ya pazia, ikiwa na grisi kwenye kucha. Akasema kwa Kimakonde, "Huyu anafanya kazi." Hiyo ndiyo ilikuwa ridhaa yake.

Kisha vikaja vita vya juzi, na kila mtu alikimbilia alikojua. Hamido na Nélia, ambaye alikuwa na mimba, walikwenda kusini hadi mji wa Pemba, huko huko Msumbiji. Palmira alipanda Mueda kwa Virgílio, mtoto wa kaka yake, na baadaye akasikia kuwa nyumba yake ya Diaca imeungua. Virgílio alikuwa na simu ya kugusa. Alimfundisha shangazi yake kubonyeza ile alama ya maikrofoni, kusema, na kuachia.

Audio zilimfaa Palmira kuliko kitu chochote ambacho serikali iliwahi kumletea. Aliilaza simu kiganjani kama sahani na kuisemesha kwa sauti ile ya shamba hadi shamba. Kwanza alijitaja: "Huyu ni Palmira, mke wa marehemu Germano, nasema nikiwa Mueda." Halafu alisalimu, "Hamjambo huko?" na kukaa kimya angoje kujibiwa, simu ikirekodi ule ukimya, na kuku, na mtu anayetwanga mahali fulani. Alipoona muda wa jibu umetosha alisema, "Haya, na sisi hatujambo," akaendelea.

Simu ya kule Pemba ilikuwa ya Hamido, lakini Nélia ndiye aliyesikiliza na kujibu, mpaka siku alipopelekwa kujifungua. Palmira alijua mwezi umetimia. Alituma audio asubuhi, akatuma nyingine mchana, na iliyofuata haikuwa na salamu. Ilikuwa pumzi, na jina la binti yake. Hamido alikuwa amesimama nje ya wodi na simu mkononi. Alitafuta mwanamke wa kumsemea. Jirani waliyekuja naye alikuwa ndani na Nélia. Akamwona muuza karanga langoni, akamwendea, akaona aibu kumweleza, akarudi. Mwisho aligeukia ukuta, akavua kofia yake na kujifunika nayo uso, kana kwamba mama mkwe angeweza kumchungulia kupitia kile kitundu cha simu, akabonyeza.

"Mama. Nisamehe. Ni mimi, mume wa Nélia. Wote wazima. Ni mtoto wa kike."

Kutoka Mueda halikuja jibu siku ile. Hamido hakula. Kesho yake ikaja audio fupi, mwenyewe hajajitaja.

"Baba, nimesikia. Sauti si uso. Hebu niambie, mtoto anafanana na nani?"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mtoto, aliyepewa jina la Ancha, alikuwa kisingizio kwa muda. Baadaye hawakuhitaji kisingizio. Hamido alimtumia mkwewe simu ya kuwa yake mwenyewe, kwa mkono wa msafiri, na Virgílio akamhamishia humo audio zote za nyuma. Jioni, akimaliza kazi, alikaa juu ya boti iliyopinduliwa na kuisikiliza ile sauti ikijitaja, ikisalimu, ikingoja. Na katika vile vituo vya kimya alijikuta akijibu kwa mdomo, peke yake, "Hatujambo, mama," ingawa alijua hasikiki. Kisha alijibu kwa kituo, jambo baada ya jambo. Alimweleza mambo ambayo hakumweleza hata mkewe: kwamba anaogopa, kwamba akisikia mlango umebamizwa hutafuta mtoto alipo. Palmira alimweleza kuhusu Germano, na jinsi alivyoshindwa kulia kwenye maziko hata watu wakamsema, akaja akalia miezi baadaye kwa sababu ya shati lililokuwa kwenye kamba. Alimfundisha kupanda mihogo kwenye kipande cha mchanga ambacho Hamido aliazimwa kule Pemba. Mihogo ilipokufa alimcheka juma zima.

"Mama, leo umekula, au uvivu wa kupika umekulaza njaa?" Hamido alizoea kumtania.

"Nimekula nguruwe. Nikubakishie?" alijibu Palmira, na ndipo katika jibu la Hamido kilipotoka kile kicheko kikubwa kikavu ambacho majirani wangekuja kukijua.

Nélia naye alikuwa akipita na ndoo, anasema kwa utani usio utani, "Siku hizi mimi ndiye mkwe humu ndani."

Watu husema simu imewaondoa watu barazani na kuwainamisha shingo. Kwa wengi ni kweli. Ipo meza ya chakula ambapo kila mtu anacheka, na hakuna anayecheka na mwenzake. Kwa hawa wawili mambo yalikuwa kinyume. Simu ilikuwa ukuta, na ukuta ndio waliouhitaji ili wapate kuongea. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, nzima, isiyokatizwa. Hakuna aliyemwona mwenzake akikunja uso. Wangeweza kuzeeka hivyo.

Lakini watu walianza kurudi. Hamido na Nélia walirudi Mocímboa, wakaiezeka upya nyumba, wakaongeza chumba. Hamido ndiye aliyesema chumba kile ni cha mama. Alikipaka chokaa kwa mkono wake na kuuchonga mlango. Siku Palmira alipofika kutoka Mueda na mzigo wake, jembe lake na simu yake, alisimama katikati ya ua mpya akitabasamu, anatafuta. Hamido alikuwa mlangoni mwa karakana yake, upande wa pili wa ua. Alikuwa amemngoja tangu alfajiri. Akakohoa, akageukia ukuta.

Hapo maneno yakaisha.

Hamido aliona kwamba heshima aliyoiazima kule Pemba sasa lazima airudishe, na ailipe kwa ziada. Alitoboa njia nyuma ya ua ili asipite mbele ya mlango wa mama. Alikohoa akiwa bado mbali. Kila kitu kilipitia kwa Nélia: mwambie mama chai tayari, mwambie mama samaki huyu ni wake. Siku moja alijaribu kutuma audio kutoka karakana. Akaisikia sauti yake ikitoka chumbani upande wa pili wa ua kabla hajaweka simu chini, na Nélia akapaza sauti jikoni, "Nyie! Mko ua mmoja mnatumiana audio kama watoto wa shule?" Majirani wakacheka. Hakurudia tena.

Palmira akawa anasikiliza zile za zamani. Alianza na ile ya kuzaliwa kwa Ancha na kusonga mbele, kila asubuhi, kwa sauti kubwa, maana hakujua kuwa inapunguzwa.

Na Hamido alisikia. Alisikia utani wake wote wa Pemba, ule wa uvivu na njaa, na yale ya kuogopa milango, yakitangazwa ua mzima, naye amesimama na mswaki. Masikio yalimwaka. Mama ananisomea mashtaka yangu, alijiambia. Nilimzoea kupita kiasi, na sasa ananionyesha. Mtu wa kwingine angekwenda kumuuliza. Yeye alizidisha adabu. Akaanza kutoka nyumbani mapema zaidi. Mwishowe akanunua zile fone, akampa mkewe: "Mpe mama. Asikilize vizuri."

Nélia, aliyekuwa na haraka, aliziweka kitandani kwa mama yake. "Zimetoka kwa Baba Ancha. Unaziweka masikioni, basi hakuna mwingine anayesikia."

"Hakuna anayesikia," Palmira alirudia.

Akazigeuza geuza zile nyaya ndani ya plastiki. Jioni ile, wakichambua mchele, alimwambia binti yake, "Yule mtu wa Pemba amekufa."

"Nani, Mamã? Pole. Ulimjua wapi?"

"Tulikuwa tunaongea tu."

Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Mfuate," Nélia alisema, akimpa mumewe ile simu na ile pakiti.

"Mimi?"

"Pikipiki ya nani? Mtoto ana homa, siwezi kumwacha."

"Nitamwambiaje, Mama Ancha? Nitamtazamaje?"

"Hayo ni yenu. Mimi nimechoka kuwa mdomo wa watu wawili ambao kila mmoja ana wake." Kisha sauti yake ikashuka. "Akifika Diaca hatashuka tena. Wewe unamjua kuliko mimi. Atajenga kibanda juu ya majivu yale yale, azeeke humo peke yake, na atatwambia hajambo."

Hamido alijua ni kweli. Njia nzima, upepo ukimpiga kifuani, alijaribu kupanga maneno, na kila alipopanga aliona yanahitaji kitufe cha kubonyeza.

Pale Awasse barabara zinaachana. Magari ya kutoka pwani hushusha watu, wanaopanda kwenda Diaca na Mueda wakangoja upande mmoja, wanaokwenda kusini upande mwingine. Palmira alikuwa ameketi juu ya mzigo wake karibu na jiko la Belmira, mama mmoja mnene anayeuza mihogo ya kuchoma hapo njia panda. Alikuwa ameipa barabara mgongo. Hamido alizima pikipiki ng'ambo, akakohoa.

Palmira hakugeuka, lakini mkono wake uliivuta kapulana, nguo yake ya kujitanda, kutoka begani hadi usoni. Kikohozi kile alikijua.

"Baba, kifua hicho si cha kuchezea," Belmira alipaza sauti. "Zahanati iko pale, kapime."

"Si kifua, dada. Naomba unisemee kwa mama aliyeketi hapo. Mwambie mkwewe amekuja."

Belmira alimtazama mwanamume, akamtazama mwanamke aliyejifunika, akaelewa mara moja. Alikuwa mtu wa Mueda. Akafuta mikono kwa heshima. "Mama, mkweo amekuja."

"Nimesikia. Muulize nani amemtuma."

"Anauliza nani amekutuma."

"Nélia... Hapana, mwambie nimejituma."

"Anasema kwanza ametumwa, halafu amejituma."

"Usimwambie yote!"

"Umenipa kazi, sasa unanichagulia?"

Wasafiri walicheka. Mmoja alisogeza begi lake akae karibu zaidi.

"Mwambie amesahau simu," Hamido alisema.

"Mama, umesahau simu."

"Sikuisahau, nimeiacha. Simu ni yake. Na zile nyaya za kuziba masikio ni zake, azivae yeye, kwa kuwa mimi ndiye ninayempigia kelele."

Belmira alivuta pumzi. "Anasema kaa na vitu vyako."

"Sikusema hivyo, we mtoto!"

"Ndiyo maana yake, mama. Mimi nafupisha. Muhogo unaungua."

"Si za kuziba!" Hamido alisema. Alikuwa amevuka barabara bila kujua kuwa amevuka. "Mama, si za kuziba, ni za kusikilizia! Nilitaka usikie vizuri, karakana yangu ina makelele!"

Amemsemesha. Si kwa simu wala kwa mtu wa tatu. Kwa mdomo wake, barabarani, mbele ya watu, akiwa karibu kiasi cha kuona vumbi kwenye visigino vyake. Aligeuka upesi akampa mgongo. Hata wale waliokuwa wakicheka walitazama chini, kama watu waliofungua mlango usio wao.

"Kumbe una mdomo," Palmira alisema ndani ya kapulana.

Hamido aliitoa ile pakiti ya fone mfukoni, akairudisha.

"Nilidhani ulibaki Pemba."

"Mama." Alikuwa akiitazama barabara ya kusini, tupu, inayotetemeka kwa jua. "Hilo la karakana si kweli lote. Niliona haya. Kila asubuhi unayaweka maneno yangu, utani wangu ule, watu wanasikia. Nikajua unanisomea mashtaka. Nikasema, mama amekasirika, nilimzoea mno."

"Mashtaka?" Nyuma yake nguo ilichakarika. "Baba, wewe ni mjinga."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakuita. Mueda kule nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Nikapanga mzigo, nikaja kwake, nikamkuta ni kikohozi. Ningefanya nini? Nikawa namsikiliza yule aliyepo."

Hamido alifungua mdomo. Miaka yote ile alikuwa na muda wa kusikiliza, kufikiri, kujibu kwa kituo. Sasa jibu lilitakiwa papo hapo. "Nimekuchongea mlango," alisema mwishowe. Hakujua kwa nini amesema hilo.

"Nimeuona. Unakwama kidogo chini."

"Nitaupiga randa."

"Mama," Belmira aliingilia, akiugeuza muhogo bila kuutazama, "samahani, mimi si wa ukoo wenu. Lakini kwetu mwenye neno ni nani? Si mama? Mama yangu alimfungulia mume wangu mwiko huu kwa kikombe cha maji, siku tuliyomzika baba. Alimwambia kunywa, nimechoka kukuona mgongo."

"Unanifundisha, binti? Nilikwisha kuijua hiyo kabla hujazaliwa."

"Basi mbona umekaa?"

Palmira alikaa kidogo zaidi. Kisha akasema, "Nipe huo ulioungua." Akaupokea ule muhogo, akaurusha mkono hadi mkono kwa moto wake, akauvunja. "Geuka, baba."

Kugeuka kwa Hamido kulichukua muda. Macho yalianzia kwenye visigino, yakapanda kwenye upindo wa nguo, yakafika kwenye mkono ulionyoosha kipande cha muhogo chenye masizi, na hapo yakagoma. Alipokea kwa mikono miwili. Halafu akainua uso.

Haukuwa uso wa sauti ile. Kwa sauti ile alikuwa amemjenga mwanamke mkubwa, mwenye mabega. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mdogo, na chale za kale zilizofifia mashavuni, na jicho moja linalotoa machozi kwa moshi, au si kwa moshi.

"Nilifikiri una kichwa kikubwa," Palmira alisema. "Kwa kicheko kile."

"Na mimi nilifikiri mama ni mrefu."

"Kula, kinapoa."

Alikula. Wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja, wakanyamaza kwa pamoja, wakaanza tena kwa pamoja. Hawakujua kupokezana. Kwenye simu kila mmoja alikuwa amezoea kusema mpaka mwisho, na hapa mwenzake alikuwa akidakia katikati, akitikisa kichwa, akicheka kabla ya sehemu ya kuchekesha kufika. Palmira alisalimu, "Hamjambo?" na akaduwaa kidogo alipojibiwa hapo hapo. Gari la kupanda Mueda lilisimama, kondakta akaita Diaca, Diaca. Palmira alilitazama, kisha akautazama mzigo wake.

"Diaca nitakwenda," alisema. "Shamba ni langu. Lakini si leo, na si kwa hasira."

Hamido aliionyesha pikipiki ng'ambo ya barabara. "Panda nikurudishe, mama."

"Nikushike kiunoni? Hapo hapana. Haya nyingine ibaki." Belmira alipiga kofi kwa kicheko. Palmira alirudi Mocímboa kwa gari la abiria, na Hamido akafuata nyuma na jembe limefungwa kwenye kiti, anakula vumbi njia nzima. Hakutaka kulipita gari lile. Nélia aliyekuwa mlangoni na mtoto begani aliwaona wakiingia uani mmoja baada ya mwingine, wakibishana kama mlango ukwanguliwe chini au juu, akaketi kwenye kizingiti akacheka mpaka mtoto akaamka.

Njia ya nyuma ya ua ilizibwa siku zile zile. Hamido bado hukohoa akiingia; mwili umezoea. Hutazamana kwa uchache, na akimaliza kusema jambo zito bado hupenda kuangalia pembeni. Hugombana pia, jambo ambalo kwenye simu halikuwahi kutokea: yeye humwambia mama asibebe maji, mama humwambia ashughulike na mashine zake. Asubuhi katika ua ule husikika sauti za watu, zinazokatizana. Palmira akiwa shambani bado hutuma audio, akianza kwa kujitaja, lakini zimekuwa fupi. Mengi huyaweka mpaka aonane na mtu.

Wiki hii Palmira yuko Diaca, kwenye palizi ya mihogo, na atashuka Mocímboa Jumamosi.